Kichocheo katika ugonjwa wa bipola

Mgonjwa anapofikishwa hospitali akiwa amechangamka kupita kiasi, hajalala siku tatu, ndugu huulizana: nini kimemfanya awe hivi? Mmoja atasema ni kifo cha baba yake. Mwingine atasema ni bangi. Mwingine ataona mkono wa mtu. Daktari naye ana swali lake, na halifanani na lile la ndugu: kabla hajaanza kubadilika, kulitokea nini? Jibu la swali la daktari ndilo linaloitwa kichocheo. Nalitetea neno hili kwa sababu likieleweka sawasawa huwapunguzia ndugu lawama na humpa mgonjwa kitu cha kufanya.

Bipola ni ugonjwa wa vipindi. Katika kipindi cha mania mtu hulala kidogo mno na kuamka na nguvu tele, huongea bila kituo, hugawa au kutumia fedha asizo nazo, hujiona hana wa kumshinda. Hali hiyo hudumu juma zima au zaidi. Katika kipindi cha sonona huzuni na uzito wa mwili humkalia kwa majuma mawili au zaidi. Kati ya vipindi anaweza kuwa mzima kabisa, kazini na nyumbani. Jina lenyewe, lenye maana ya ncha mbili, lina deni kwa daktari Mjerumani Karl Leonhard, ambaye mwaka 1957 alitenganisha wagonjwa wa ncha zote mbili na wale wa ncha moja peke yake. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili ulilipokea mwaka 1980.

Sasa neno letu. Kuchochea ni kusukuma kuni ndani ili moto uzidi. Anayechochea hakuuwasha moto; aliukuta. Katika bipola moto huo kwa sehemu kubwa hurithiwa, na hakuna mtu wa kulaumiwa kwa damu aliyozaliwa nayo. Kifo cha baba kinaweza kuwa kuni zilizosukumwa, lakini ndugu wengine waliozika baba huyohuyo walilia, wakapumzika, wakarudi kazini. Hiyo ndiyo tofauti ya kichocheo na chanzo, na ndiyo maana “kisababishi”, ambalo baadhi ya waandishi hulitumia, halifai hapa: linarudisha swali la nani alaumiwe.

Kuna mkanganyiko mwingine, nao naona una madhara zaidi. “Msongo wa mawazo” katika magazeti na redio zetu hutumika kwa mambo mawili: shinikizo la maisha, kama deni, kesi au ndoa inayoyumba, na pia sonona yenyewe. La kwanza ni kichocheo, la pili ni ugonjwa. Mtu aliye ndani ya sonona akiambiwa ana msongo wa mawazo, atashauriwa apunguze mawazo, apumzike, aombe. Dawa hatatafutiwa. Neno sonona lipo, ni zuri, litumike.

Halafu kuna usingizi, ambao ni kichocheo na dalili kwa wakati mmoja. Mwaka 1987 mtafiti Thomas Wehr na wenzake walieleza kwamba kupungua kwa usingizi huenda ndiyo njia ambayo vichocheo vingi hupitia kabla ya kufika kwenye mania: msiba, safari, mtoto mchanga, mapenzi mapya, vyote hukutana katika usiku usiolalwa. Kisha mania ikianza, yenyewe humnyima mtu usingizi, na kukosa usingizi huikuza mania. Kinachopambanua hali hizi mbili ni uchovu. Aliyekesha kwa sababu ya zamu au kilio cha mtoto huamka hoi na anatamani kitanda. Ambaye mania inamjia hulala kidogo na haoni haja ya zaidi. Ukiona hivyo, suala la kichocheo limepita. Hiyo sasa ni dalili.

Maisha yetu yana mikesha mingi: matanga, harusi, mkesha wa maombi, zamu za usiku, wanafunzi kabla ya mtihani. Ramadhani hubadilisha saa za kula na kulala kwa mwezi mzima, na kwa anayetumia lithiamu kuna hatari ya ziada, kwani mwili ukipungukiwa maji dawa hiyo huweza kupanda kwenye damu hadi kuwa sumu. Mazungumzo na daktari kuhusu kufunga yafanyike kabla mwezi haujaandama. Miraa nayo huondoa usingizi na kuamsha ubongo kwa pamoja.

Watu hawatarajii kuikuta furaha katika orodha hii, lakini imo. Kupandishwa cheo, kufaulu, kupata mchumba, lolote linalomfanya mtu ahisi lengo limetimia, huweza kutangulia mania. Zimo pia dawa: zile za kutibu sonona zikitolewa peke yake, au steroidi za pumu na mzio. Kuacha ghafla dawa za bipola ni kichocheo kikubwa. Kujifungua kuna uzito wa pekee, kwa kuwa majuma ya kwanza baada ya uzazi ni wakati wa hatari kubwa kwa mwanamke mwenye bipola. Hapo desturi ya arobaini ni hazina, iwapo mama na mashangazi wanaokuja kusaidia watamchukua mtoto usiku ili mzazi alale, badala ya kumpikia tu mchana.

Daktari wa magonjwa ya akili Emil Kraepelin alisimulia habari za mgonjwa wake aliyeugua mara tatu: alipofiwa na mume, kisha mbwa wake alipokufa, kisha njiwa wake. Kichocheo kilikuwa kikipungua ukubwa. Mwaka 1992 mtafiti Robert Post alijenga juu ya mfano huo dhana kwamba kila kipindi huuacha ubongo ukiwa mwepesi zaidi kushika moto, hata vipindi vya baadaye vije bila kuchochewa. Tafiti zilizofuata zimetofautiana, lakini jambo moja liko wazi kliniki: kipindi kinaweza kuja pasipo kichocheo chochote kinachoonekana. Kumhoji mgonjwa “ulifanya nini safari hii?” ni kumwonea.

Kwa sababu hiyo napendelea kusema kudhibiti vichocheo, wala si kuviepuka. Anayeepuka kila kitu ataishia kufungiwa ndani. Mtu hawezi kukatazwa kumzika mama yake. Anachoweza ni kuandika kila siku, kwenye daftari la kawaida, saa aliyolala, saa aliyoamka, hali ya moyo wake na jambo kubwa la siku. Baada ya miezi kadhaa ataona ni vichocheo gani ni vyake, maana havifanani kwa wote. Saa ya kuamka iwe ileile hata Jumapili. Mpangilio wa siku ndio kiini cha tiba ya mwanasaikolojia Ellen Frank ya miondoko ya maisha ya kila siku.

Na akiwa mzima, akae na watu wake wapange. Akienda msibani atashinda na wafiwa mchana, na usiku atalala nyumba ya jirani. Dawa atazishika nani, na nani atakabidhiwa simu yenye pesa iwapo hali itabadilika. Nani ana ruhusa ya kumwambia, “Ndugu yangu, naona unapanda,” bila ugomvi. Akilala kidogo usiku wa pili mfululizo na asihisi uchovu, kliniki ipigiwe simu siku hiyohiyo, wasingoje tanga liondolewe.