Matairi Manne

Barabara ya kutoka Mbalizi kwenda Galula inashuka. Baridi ya Mbeya unaiacha nyuma, na kila kona joto la bonde la Rukwa linakupokea kama pumzi ya jiko lililofunguliwa. Ni zaidi ya kilometa 50, na mwezi ule nilipopita ilikuwa vumbi na kokoto. Watu walinisalimia kwanza, kisha wakacheka: msichana amevaa kofia ngumu, baiskeli ya resi yenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo, matairi membamba yasiyofaa hata kubeba debe la maji. Mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa aliniuliza, bila kejeli yoyote, "Hiyo inabeba nini?"

Nilimjibu kwamba inanibeba mimi. Alinitazama kwa huruma.

Baiskeli ile niliinunua Mbeya, mtumba, imetoka Ulaya ndani ya kontena pamoja na majokofu. Muuzaji aliisifia kwa jambo moja tu: haina tyubu. Ni tyubulesi, kama ya bodaboda. Ndani ya tairi kuna dawa nyeupe kama maziwa. Mwiba ukichoma, dawa inakimbilia kwenye tundu, inaganda, unaendelea na safari. "Pancha utazisikia kwa wenzako," aliniambia. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya historia, kazi yangu ni kutilia shaka maneno ya watu, lakini siku hiyo nililipa na kuondoka.

Kabla sijafika Galula nilipita juu ya mbigili. Aliyekulia kule pekupeku haitaji maelezo. Tunda la mbigili likikauka linapasuka vipande, na kila kipande kina miba miwili mirefu iliyokaa namna ambayo, kianguke kianguvyo, mmoja utatazama juu. Wataalamu wa mimea wanaliita Tribulus, jina la Kilatini la kile chuma cha ncha nne ambacho Warumi walikitandaza chini ili kuwalemaza farasi wa adui. Nilihesabu miba saba katika tairi la nyuma. Niliing'oa mmoja mmoja. Kila nilipong'oa, maziwa yaliruka, yakatoa povu, yakanyamaza. Sita ilikwenda hivyo. Wa saba ulitoa mlio tu. Dawa ilikuwa imekwisha kukauka. Baadaye nilijifunza kwamba hata penye hali ya hewa ya ubaridi inahitaji kuongezwa kila baada ya miezi michache, na bondeni kwetu joto halina subira. Tyubu ya akiba sikuwa nayo. Kwa nini ningebeba tyubu?

Niliisukuma mpaka nyumbani kwa babu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na baiskeli, au baiskeli imekuja na wewe?"

Babu alikuwa fundi baiskeli kwa zaidi ya miaka 30, mpaka macho yalipomwangusha. Aligeuza baiskeli juu chini, akatoa ukingo wa tairi kwa vidole, akaingiza mkono ndani kama mtu anayetafuta kuku aliyejificha chini ya uvungu. Alizunguka ringi nzima. Mkono ukatoka mweupe.

"Tyubu iko wapi?"

"Haina, babu. Ni tyubulesi."

Alikaa kimya, kisha akacheka mpaka bibi akatoka jikoni kuuliza kuna nini. "Hii ndiyo mnaiona mpya?" alisema. "Sisi tulikuwa nayo 1981. Tulijaza nyasi."

Nilikuwa nimekwenda Galula kukusanya kumbukumbu za wakulima wa mpunga kwa ajili ya tasnifu. Usiku ule nilifungua ukurasa mpya na kuandika juu yake neno moja: tairi.

Vitabu huianza hadithi hii Belfast. Mwaka 1887 daktari wa mifugo, John Boyd Dunlop, alifunga mpira uliojazwa upepo kwenye magurudumu ya baiskeli ya miguu mitatu ya mwanawe. Mwaka 1888 akapata hataza. Hataza hiyo baadaye ilibatilishwa, kwa sababu Mskoti Robert William Thomson alikuwa amesajili wazo hilo hilo tangu 1845, wakati ambapo hakukuwa na baiskeli ya kulitumia. Mwaka 1891 ndugu wawili wa Ufaransa, akina Michelin, walileta tairi linaloweza kuvuliwa na kuzibwa njiani, na Charles Terront akashinda nalo mbio za Paris hadi Brest na kurudi. Tairi lisilo na tyubu lilikuja baadaye sana, tena kwa magari: Frank Herzegh wa kampuni ya B.F. Goodrich, Marekani, alipata hataza yake 1952. Baiskeli za milimani zililipata 1999 kupitia kampuni ya Mavic, na za resi zikafuata mwaka 2006, Hutchinson wakitengeneza matairi na Shimano magurudumu.

Hiyo ni hadithi ya kweli, lakini ukiisoma ukiwa Galula unaona imeruka kitu. Kutoka kwetu ukivuka Ziwa Rukwa, ukapanda Ufipa, ukashuka Ziwa Tanganyika, ng'ambo ni Kongo. Miaka ile ile ambayo Wazungu walikuwa wakifurahia kupanda baiskeli zisizotikisa mifupa, vijiji vya Kongo ya Mfalme Leopold vilikuwa vikipangiwa kiasi cha utomvu wa mitambaazi ya msituni cha kuleta, na walioshindwa walichapwa viboko, waliuawa, wengine walikatwa mikono. Hali hiyo iliendelea mpaka kelele za dunia zilipomlazimu mfalme kuikabidhi nchi kwa serikali ya Ubelgiji mwaka 1908. Kwetu Wajerumani walinunua mpira wa msituni, kisha wakapanda mashamba ya mpira upande wa Tanga, mpaka bei ilipoanguka 1913 kwa ushindani wa mashamba ya Asia. Japani ilipoiteka Malaya mwaka 1942 na Waingereza kukosa mpira, mashamba yale yaliyosahaulika yalifufuliwa, na watu wa Tanganyika wakachukuliwa kwa lazima kwenda kugema.

Kuna jambo linanishangaza kila nikilifikiria. Mti unapochanjwa, utomvu hutoka na kuganda ili kufunga jeraha. Ndiyo kazi yake, au mojawapo. Dawa nyeupe iliyoruka kwenye tairi langu kwa kawaida hutengenezwa kwa utomvu huo huo, wa mti au wa kiwandani. Baada ya miaka zaidi ya 100 ya uhandisi, tairi limefundishwa kufanya kile ambacho mti ulikuwa ukifanya kabla hatujauchanja.

Lakini babu hakuwa na habari na Leopold. Yeye alikuwa na habari na 1981.

Kufikia wakati huo, alisema, tyubu moja ilikuwa na viraka juu ya viraka mpaka mpira wenyewe huuoni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977 na mpaka wa Kenya kufungwa. Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vilikuwa vimemaliza fedha za kigeni, mafuta yalikuwa yamepanda bei, na ile miezi 18 ya kufunga mikanda ambayo Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi ilikuwa imekwisha bila mikanda kulegea. Kiwanda cha Arusha kilitengeneza matairi ya magari. Baiskeli za Swala zilitengenezwa Dar es Salaam, lakini babu anasema kwao Swala ilifika kama mgeni wa harusi: mara moja, kwa taarifa. Kwenye duka la kijiji tairi liligawiwa kwa orodha, na orodha ilikuwa na watu wake.

Kwa hiyo walijaza nyasi. Nyasi ndefu za kando ya Mto Songwe, zilizokauka nusu, zikasokotwa kama kamba nene na kushindiliwa ndani ya tairi mpaka ligome kupokea. Wengine walitumia matambara, wengine vipande vya tyubu kuukuu. Baiskeli ilikwenda. Ringi iliumia, spoki zilikatika, mgongo uliuma, lakini gunia la mpunga lilifika. Nilimuuliza ilikuwa ikitoa mlio gani. Alifikiri. "Kama mtu anayekula mhogo mbichi," alisema.

Kisha, mwishoni mwa 1982, watu wanne wakamletea fedha. Walijua kwamba Nakonde, ng'ambo ya Tunduma, upande wa Zambia, matairi yapo. Babu alikuwa na ndugu Tunduma. Aliandika majina yao na kiasi kwenye daftari la shule, akaenda, akarudi na matairi manne yamefungwa ndani ya mkeka.

Alikuwa bado hajayagawa yote tarehe 25 Machi 1983, siku ambayo kampeni ya kuwasaka wahujumu uchumi ilianza nchi nzima. Edward Sokoine alikuwa amerudi kwenye uwaziri mkuu mwezi mmoja tu kabla. Waliokuwapo wanakumbuka usiku wa siku zile: sabuni mitoni, vitenge porini, sukari ikimwagwa chooni na watu ambao hawakuwa wameionja kwa miezi. Sheria maalumu ilitungwa mwaka ule ule, na mahakama zake, ambako mshtakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili. Walikamatwa walanguzi kweli, wenye maghala, na wananchi wengi walishangilia. Babu mwenyewe alishangilia, kupitia redio ya jirani, mpaka alipokumbuka kilichokuwa chini ya kitanda chake.

Hapa ndipo nilipoacha kuandika na kumtazama. Daftari, nilimwambia. Daftari lilikuwa na majina, fedha, tarehe. Lingeonyesha kwamba matairi hayakuwa ya kulangua, yalikuwa yameagizwa na wenyewe. Liko wapi?

"Nililichoma," alisema. "Usiku ule ule."

"Lakini babu, ndilo lingekuokoa."

"Lilikuwa na majina ya watu wanne."

Walimkuta na matairi, walimchukua, wakakaa naye siku 19. Hakupelekwa mahakamani, alirudishwa kama alivyochukuliwa, bila maelezo. Matairi hayakurudi. Fedha za wale wanne alizilipa kwa mpunga, misimu mitatu, debe kwa debe. Juni 1984 bajeti iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa kutoka nje, na haukupita muda mrefu matairi yale yale yakatundikwa dukani mchana kweupe. Kufikia hapo baba yangu alikuwa ameshapigana mara mbili shuleni na watoto waliomwita mtoto wa mhujumu.

Msimamizi wangu chuoni, mtu mwema na makini, aliniuliza swali ambalo nilijua ataniuliza: ushahidi wa maandishi uko wapi? Nilimwambia umechomwa na mtu ambaye ungemsafisha. Alisema hiyo ni habari nzuri lakini bado ni mdomo mmoja. Ni kweli. Nimejaribu kuwatafuta wale wanne. Watatu wamefariki. Wa nne, mama mmoja mzee sana, alinikaribisha vizuri, akanipa uji, na kusema kwamba hajawahi kuagiza tairi lolote maishani mwake. Alisema haraka mno, huku akitazama mlango. Sikumbana. Miaka mingi imepita, lakini siyo mingi kwa kila mtu.

Na kuna bibi. Siku ya pili nilikuwa namsaidia kupepeta ufuta nikamsimulia nilichoandika, kwa fahari kidogo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila kuinua uso kutoka kwenye ungo, "Yalikuwa matano."

Nilidhani sikusikia.

"La tano lilikuwa kwenye ghala, chini ya ulezi. Hawakuliona. Ndilo lililomnunulia baba yako sare za shule." Akapepeta. "Fundi naye anakula, mjukuu wangu."

Sijui nifanye nini na tairi la tano. Likiingia kwenye tasnifu, babu anakuwa mtu aliyepata faida kidogo juu ya shida za wenzake, ndicho hasa kitu ambacho kampeni ilisema inakitafuta, hata kama ni tairi moja dhidi ya maghala. Nikiliacha nje, ninakuwa nimechoma daftari la pili. Baba, nilipompigia simu, alisema tu kwamba sare zile zilikuwa kubwa, alizivaa miaka mitatu.

Asubuhi ya kuondoka babu aliamua kunitengenezea baiskeli mwenyewe, kwa kupapasa. Alitoa valvu ya tyubulesi na kunikabidhi kama jino lililong'olewa. Tyubu aliyokuwa nayo ilikuwa ya Phoenix, kuukuu, yenye valvu ya kipira, nene kuliko tundu la ringi yangu. Akaomba tupa, akalipanua tundu taratibu huku akipuliza unga wa chuma. Nilihisi kila mkwaruzo kwenye mfuko wangu. Tyubu nayo ilikuwa na pancha. Akaisugua kwa msasa na kupaka solusheni.

Nilimuuliza kuhusu la tano.

Alipuliza solusheni mpaka ikakauka, akabandika kiraka, akakibonyeza kwa kidole gumba muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Bibi yako," alisema, "anajua kuhesabu."

Kisha akaniomba pampu.