Tambiko, Maji na Dua katika Bonde la Kilombero

Bonde la Kilombero, ambalo mji wake mkuu ni Ifakara, limekuwa kwa vizazi vingi nchi ya neema na ya mashaka kwa pamoja, kwa sababu maji ya masika yanayorutubisha mashamba ya mpunga ndiyo hayohayo yanayobomoa nyumba na kuleta njaa yanapozidi kiasi. Miongoni mwa Wapogoro na majirani zao, Mungu alitambuliwa kuwa muumba wa vyote. Hata hivyo, shida ilipoingia nyumbani, aliyeitwa kwanza alikuwa mzee wa ukoo aliyekwisha kufariki, ambaye kaburi lake lilijulikana na ambaye aliaminika kuwajua wanawe kwa majina. Tambiko, yaani sadaka ya unga na pombe iliyoambatana na maneno ya kuomba, lilifanywa na familia yenyewe. Balaa lililoikumba nchi nzima, kama ukame, lilipelekwa kwa mbui, mganga mwenye uhusiano na mahoka, yaani mizimu ya nchi.

Ni kutokana na desturi hii ndipo Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, vya mwaka 1905 hadi 1907, ambamo wapiganaji walitumia maji ya dawa wakiamini yatawakinga na risasi, vinapoeleweka vyema zaidi, ingawa waandishi wengi wameyatazama maji hayo kama silaha tu, wakayaita udanganyifu yaliposhindwa kuzuia risasi. Mtazamo huo hauwatendei haki waliopigana. Kinjikitile Ngwale, mganga aliyetoa maji hayo, ambaye alipandwa na pepo huko Ngarambe, mashariki ya bonde hili, mwaka 1904, alijenga nyumba kubwa iliyoitwa Kijumba Nungu, maana yake nyumba ya Mungu, na watu walimiminika huko si kutafuta dawa pekee, bali pia kusikia habari za wazee wao waliokufa, ambao aliwaambia wako kwa Mungu na watarudi. Dawa yenyewe ilikuwa maji yaliyochanganywa na nafaka kama mtama, na wapiganaji walijifunga mabua ya mtama vichwani. Chakula cha kila siku, ambacho pia ndicho kilichotolewa kwa mizimu, kikawa alama ya dua ya watu wa makabila mengi ambao awali hawakuwa na madhabahu moja.

Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905, lakini wajumbe wa maji, walioitwa hongo, walikwisha kuvuka mipaka. Kabla mwezi huo haujaisha, Wapogoro na Wambunga walilishambulia boma la Wajerumani la Mahenge, wakasonga mbele wazi kuelekea bunduki za rashasha, na wengi wakaanguka. Wanajeshi wa Kijerumani baadaye walichoma vijiji na akiba za nafaka, na njaa iliyofuata katika nchi za kusini iliua watu wengi kuliko risasi zenyewe.

Baada ya msiba huo, haja ya kuomba haikupungua. Misheni ya Kwiro, iliyoanzishwa na Wabenediktini karibu na Mahenge mwaka 1902, iliendelea, na Wakapuchini kutoka Uswisi walichukua kazi hiyo mwaka 1921. Uislamu nao ulienea kwa kasi kusini mwa Tanganyika katika miaka hiyohiyo. Rozari, novena (sala ya siku tisa mfululizo) na misa kwa ajili ya marehemu ziliwapa Wakatoliki njia mpya ya kuwakumbuka wafu, kama vile hitima ilivyowapa Waislamu, ambao pia, mvua ilipokawia, walisali sala maalumu ya kuiomba, inayoitwa istiskaa. Mapadre waliliita tambiko ushirikina, lakini wengi wa waumini wao hawakuona kwamba kumwomba Kristo kunawalazimu kumsahau babu: walibatizwa, wakahudhuria misa, na mtoto alipougua wakaenda pia makaburini na unga wao.