Mzigo wa Bukavu na Mafungu Yake

Kilo 50 za kasiterite, yale mawe meusi ya bati yanayochimbwa Kalehe na Shabunda, huenea ndani ya ndoo moja ya maji. Kilo 50 za magodoro ya sponji zinajaza pikapu na kumwagika pembeni. Wasafirishaji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, hawahitaji kusomeshwa jambo hilo. Kamioni ya kasiterite ukiiona kwa mbali utadhani inarudi tupu, maana mifuko imelala sakafuni safu moja tu, ila springi zimekunjamana. Kamioni ya magodoro imerundikwa hadi inakwaruza nyaya za umeme, na injini wala haijui kama imebeba kitu. Wa kasiterite hutozwa kwa kilo. Wa magodoro hutozwa kwa nafasi aliyoimaliza, na hakuna ubishi wa kelele zaidi kwenye maegesho ya Kadutu kuliko ule wa kupanga nani alipe kwa njia ipi.

Ubishi huo una umri mrefu. Kila aliyewahi kuishika njia ya kuja Bukavu aliuliza mzigo swali lake mwenyewe: una uzito gani, una thamani gani, ni kitu gani hasa, unaweza kuua, umetoka shimo lipi. Maswali mapya hayakuyafuta ya zamani. Yamerundikana, na leo dereva mmoja hubeba majibu yote matano katika bahasha moja nyuma ya kiti chake.

Wakati wa misafara ya miguu swali lilikuwa la uzito, kwa kuwa gari lilikuwa mgongo wa mtu. Pwani walipima kwa frasila, kama kilo 16, na mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili. Kitambaa cha merikani kilifungwa marobota ya uzito huo kabla msafara haujaondoka, shanga zikatiwa mifukoni, waya wa shaba ukakunjwa mizunguko. Pembe za ndovu zilikuwa na vyeo vyao: kalasha ndiyo ndogo, buri imeipita kidogo, kisha zile kubwa za kuwatoa watu jasho. Mzigo usiogawanyika ulikuwa balaa ya kiongozi wa msafara.

Wabelgiji walipoutaka mji juu ya Ziwa Kivu, ule walioupa jina la Costermansville na kuuita hivyo hadi 1954, walikuta njia fupi ya kwenda baharini haipiti Kinshasa hata kidogo. Reli ya Wajerumani ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, tarehe 15 Machi 1921, Uingereza na Ubelgiji zilitia saini mapatano: Ubelgiji ikapewa sehemu za bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, na mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ikaruhusiwa kupita Tanganyika bila kutozwa ushuru wa forodha. Sehemu hizo ziliitwa Belbase, na wazee wa bandari ya Kigoma wanazijua kwa jina hilo hadi leo. Hapo ndipo mizigo ya Bukavu ilipopata fungu lake la kwanza la kisheria, kwa kuwa mali ya kupita haikuwa sawa na mali ya kukaa. Kasha lililoandikwa kwamba ni la kupita halikufunguliwa, lililo jirani yake likafunguliwa na kulipiwa.

Kutoka Kigoma mzigo ulivuka Ziwa Tanganyika hadi Kalundu, bandari ya Uvira. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kulikuwa na reli ndogo ya kampuni ya CEFAKI iliyopanda bonde la Ruzizi kutoka Kalundu hadi Kamanyola, ikakomea hapo. Si kwa kukosa nia. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya bahari na Kivu mita 1,460, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo imesimama wima mbele ya Kamanyola, kwenye ukingo wa Ngomo. Treni ikashindwa, kamioni ikachukua.

Hebu fuata kreti moja ya sahani za kaure. Inashushwa melini Dar, inapakiwa kwenye behewa, inashushwa Kigoma, inapanda meli nyingine, inashushwa Kalundu, inaingia behewa la pili, inashushwa Kamanyola, halafu inapandishwa Ngomo kwenye kamioni, upande mmoja mwamba na upande wa pili shimo. Kila kushushwa ni nafasi ya kuvunjika, na kila kupakiwa upya kuna karani wa kuuliza ni nini hiki, kikae juu ya nini, nani atalipa kikipasuka. Kitabu cha madaraja ya mizigo hakikutungwa na wapenda vitabu. Kilitungwa na watu waliochoka kulipa fidia.

Reli za wakati huo zilikuwa na ujanja mwingine, wa kupanga mizigo kwa thamani. Mfano unaojulikana zaidi Afrika Mashariki ni wa Reli ya Kenya na Uganda, chini ya meneja wake Christian Felling katika miaka ya 1920. Tani ya mahindi ya kupeleka ng'ambo ilibebwa kwa bei ya chini sana, tani ya bidhaa za anasa zinazoingia ikalipa mara kadhaa ya hapo, ijapokuwa behewa ni lilelile na makaa ni yaleyale. Wenye reli waliona ni haki, kwani mahindi yakitozwa kama hariri yatabaki shambani na reli itakosa mzigo wa kurudi. Wakulima wa Kiafrika na wafanyabiashara wa Kihindi waliona jambo jingine, kwamba anayepanga madaraja ndiye anayechagua zao la nani litafika Mombasa. Mimi naona walikuwa na hoja.

Kamioni iliuvunja mpango huo bila kukusudia. Mwenye kamioni moja hana kitabu cha bei chenye kurasa 200. Ana matairi sita, deni, na jicho. Nchini Marekani, ambako malori yalikuwa mengi mapema, wasafirishaji waliamua kuandika kitabu chao mwaka 1936, kikafikia madaraja 18 kuanzia namba 50 hadi 500: vitu vizito na vigumu chini, vyepesi na vya kuvunjika juu. Julai 2025 walikifumua sehemu kubwa, mizigo mingi ikaanza kupangwa kwa uzani wake ukilinganishwa na nafasi inayochukua. Kwa maneno mengine, baada ya miaka karibu 90 wakarudi kwenye hesabu ya kasiterite na godoro.

Swali la forodha lina tabia tofauti. Lenyewe halijali nafasi wala kuvunjika, linataka kujua kitu hiki ni nini. Kila nchi ilikuwa na orodha yake hadi mapatano ya Brussels ya 1950, kisha ukaja mfumo wa pamoja uliotiwa saini 1983 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Ndio unaotumika karibu dunia nzima sasa. Kila bidhaa ina tarakimu sita: mbili za mwanzo ni sura, mbili zinazofuata ni kichwa, mbili za mwisho ni tawi. Saruji iko 2523, unga wa ngano 1101, madini ya bati 2609. Hapa Kongo kazi ya kuzisoma ilikuwa ya ofisi ya forodha, OFIDA, tangu 1979, na kwa amri ya Desemba 2009 ikawa ya DGDA. Watu wa Bukavu wanaendelea kuiita duane tu.

Tarakimu hizo zina mambo ya kuchekesha na ya kuumiza. Chukua pikipiki, chombo ambacho bila hicho Bukavu isingepanda vilima vyake. Huja ndani ya kreti, usukani umelazwa, gurudumu la mbele limefungwa kando, taa zimewekwa kwenye boksi. Mwagizaji anaweza kusema kwamba ni vipuri. Kanuni ya pili ya mfumo inamkatalia: kitu kilicholetwa vipande vipande, ikiwa vipande vyake vinakamilisha umbo lake, huhesabiwa kama kitu kizima. Kwa hiyo kreti inaingia 8711 kama pikipiki kamili, hata kama hakuna awezaye kuipanda mpaka fundi wa Nyawera aifunge.

Au robota la mitumba. Fungu la 6309 linadai mambo mawili, kwamba nguo zionyeshe wazi kuwa zimevaliwa na kwamba ziletwe kwa wingi au kwenye marobota. Ofisa akilichana robota na kukuta mashati yenye vibandiko vya dukani bado yananing'inia, mashati hayo yanatoka 6309, kila moja linakwenda kutafuta makazi yake katika sura ya 61 au 62, kutegemea kama limefumwa au limeshonwa kwa kitambaa. Mama aliyelinunua robota bila kulifungua, kama desturi ilivyo, hujikuta anaadhibiwa kwa bahati yake nzuri.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa hapa hapa mjini. Gome la kinkina linapotoka mashambani ni mmea wa dawa, sura ya 12. Likipita kwenye matangi ya kiwanda cha Pharmakina na kutolewa kwinini safi, unga ule mweupe ni kemikali, sura ya 29. Ukigandamizwa kuwa vidonge vya kumeza umekuwa dawa, sura ya 30. Malaria ni ileile na uchungu mdomoni ni uleule.

Kongo imekuwa ikitoza ushuru wa kuingiza wa asilimia 5, 10 au 20, na tangu Januari 2012 inaongeza kodi ya ongezeko la thamani, TVA, ya asilimia 16. Kati ya ngazi moja na nyingine kuna pesa ya kutosha kumfanya wakala wa forodha akeshe anatafuta namba iliyo nafuu. Si kila anayekesha ni mwizi. Kuna bidhaa zinazofaa kweli kukaa mahali pawili, na kanuni zenyewe zinakiri hivyo: mambo yakishindikana kabisa, chukua kichwa kilicho na namba ya mwisho kati ya vinavyogombana. Sheria iliyokubali kushindwa kwa adabu namna hiyo ni nadra.

Swali la hatari lilifika barabara hii kwa moto. Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, kijiji cha uwanda wa Ruzizi kati ya Uvira na Bukavu. Petroli ikamwagika. Watu wakasogea, wengine na madumu, wengine kwa kutazama. Wengi walikuwa kwenye vibanda vya video wakiangalia Kombe la Dunia. Moto ulipowaka ulipita juu ya nyumba za udongo na nyasi, ukaingia hadi kwenye kibanda cha kutazamia mpira. Walikufa zaidi ya watu 230, na wengi wakazikwa pamoja kwa kuwa hawakuweza kutambulika.

Petroli ina namba yake tangu siku nyingi. Orodha ya Umoja wa Mataifa ya mizigo ya hatari, iliyoanza kutolewa 1956, ina madaraja tisa: milipuko, gesi, vimiminika vinavyowaka, na kuendelea. Petroli iko daraja la 3, namba 1203. Alama yake ni pembenne nyekundu yenye mwali wa moto, na kwenye bamba la rangi ya chungwa petroli huandikwa 33, tarakimu imerudiwa kuonyesha kwamba hatari imezidi. Bamba hilo ni la zimamoto: kwa namba zake anajua asogee umbali gani na atumie povu badala ya maji. Sange haikuwa na zimamoto. Mwanakijiji hakuwahi kuambiwa 33 inamhusu nini, na kwake petroli ilikuwa bidhaa ghali inayotiririka barabarani bure. Hakuna daraja lolote kati ya tisa lililoandikwa kwa kumfikiria yeye, na hilo ndilo pengo ninaloliona kila ninapomsikia mtu akisema watu wale walijitakia.

Mwezi huohuo wa Julai 2010, Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kiliyataka makampuni yaeleze kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu yao inatoka Kongo au nchi jirani. Septemba, Rais Joseph Kabila akafunga uchimbaji wote Kivu na Maniema hadi Machi 2011. Swali la tano likawa limeingia barabarani: mfuko huu umetoka shimo lipi? Migodi ikapangwa kwa rangi za kijani, njano na nyekundu. Kuanzia Oktoba 2012, kasiterite ya Kalimbi, pale Nyabibwe wilayani Kalehe, ikaanza kufungwa vibandiko vya plastiki vyenye namba: kimoja mgodini, kingine kwa mfanyabiashara, ndipo mfuko ushuke kwa kamioni hadi maghala ya Bukavu. Mifuko miwili ya kasiterite ileile, uzito uleule, tarakimu 2609 zilezile, ikawa mali mbili tofauti: wenye kibandiko ulikuwa na mnunuzi, usio nacho uliuzwa gizani kwa bei ya kutupa. Vibandiko navyo vikawa bidhaa, vikauzwa na kuhamishwa kutoka mfuko hadi mfuko, jambo lililotarajiwa na kila mtu isipokuwa waliovibuni.

Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, mwezi uleule ambao Jumuiya ilianza ngazi zake nne za ushuru wa nje: sifuri, 10, 25 na 35. Ngazi hizo na zile za Kongo hazilingani. Kisha Februari 2025 mji ukaingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, na wanaokusanya ushuru kwenye mpaka wa Ruzizi hawapeleki tena hesabu Kinshasa. Makontena yanayopita Rusumo, Kigali na msitu wa Nyungwe hadi Kamembe, upande wa Rwanda, bado yana karatasi zenye tarakimu zilezile sita.

Ila mzigo mwingi wa mpaka huu haumo ndani ya kontena. Unga, nyanya na sabuni vilivyofika Kamembe kwa lori hugawanywa na kuvuka Ruzizi kwa beseni, kwa kikapu, kwa mfuko uliofungwa kamba ya paji la uso kama wanawake wa Bushi wabebavyo siku zote. Nyanya ni 0702 pande zote mbili za mto, lakini hakuna atakayemsomea mama wa beseni namba hiyo. Ofisa hutazama, hukadiria, hutaja bei, na kesho yake mwenzake hutaja nyingine. Ndiyo maana wafanyabiashara wadogo wa mpakani wamekuwa wakiomba kwa miaka jambo moja la bei rahisi: orodha ya kodi ibandikwe ukutani, kwa Kiswahili, mahali ambapo mtu mwenye mzigo mgongoni anaweza kuisoma bila kuinua kichwa.