"Uko Wapi Sasa Hivi?" Historia ya Kuwatibu kwa Kioo Walio Hatarini



Wengi wetu tunadhani kwamba kutibiwa maradhi ya nafsi mbele ya kompyuta ni jambo lililozaliwa na korona mwaka 2020. Sivyo. Jambo hili lina umri mkubwa kuliko wengi wetu tunaosoma ukurasa huu. Chombo kilikuwepo zamani. Kilichochelewa ni ujasiri wa kukitumia kwa mgonjwa aliye hatarini kuliko wote, yaani yule anayefikiria kujiua. Tunalitaja neno hilo waziwazi kwa sababu kwetu huzungukwa, na tangu tuje ughaibuni tumehudhuria matanga ambamo hakuna aliyethubutu kuuliza marehemu alikufa kwa nini.

Tuanzie Marekani, katika jimbo la Nebraska. Mwaka 1959, katika Taasisi ya Magonjwa ya Akili mjini Omaha, Daktari Cecil Wittson na wenzake walifunga kamera na televisheni, wagonjwa wakakaa chumba kimoja na mtaalamu chumba kingine, wakaendesha tiba ya mazungumzo kwa vikundi. Mwaka 1964 wakaiunganisha taasisi hiyo na hospitali ya wagonjwa wa akili ya Norfolk, maili 112 kutoka hapo, yaani kama kilomita 180, kwa mawimbi ya mikrowevu. Mwaka 1968 ikafuata Boston, ambako hospitali kuu ya Massachusetts iliunganishwa na zahanati ya uwanja wa ndege wa Logan. Umbali wake ni mdogo, lakini katikati kuna bahari na foleni ya magari, na anayeijua foleni ya Boston hatauliza kwa nini walihangaika hivyo. Daktari Thomas Dwyer, aliyeendesha tiba ya akili kwa mtambo huo, aliandika mwaka 1973 kwamba baadhi ya wagonjwa walikuwa wepesi zaidi kuzungumza na televisheni kuliko na daktari aliyekaa mbele yao.

Lakini angalieni jambo moja. Mgonjwa wa Norfolk alikuwa ndani ya jengo lenye wauguzi, na yule wa Logan vilevile. Akizidiwa, yupo mtu mlangoni. Aliye nyumbani kwake peke yake usiku hana mtu huyo, na historia ya kumfikia yeye ilipita njia nyingine kabisa, isiyo na picha hata kidogo.

Mwaka 1953, padri wa Kianglikana jijini London, Chad Varah, alitangaza namba ya simu kwa ajili ya watu waliofikia ukingoni. Ndiyo asili ya Samaritans, ambao mpaka leo hupokea simu Uingereza kwa namba 116 123. Huko San Francisco, daktari wa akili Jerome Motto alijaribu kitu rahisi zaidi, nacho ni barua. Aliwachukua watu 843 waliokuwa wamelazwa kwa sababu ya huzuni kubwa au hali ya kutaka kujiua, na ambao baada ya kutoka hospitalini walikataa au kuacha kuendelea na matibabu. Akawagawa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata barua fupi, mara 24 katika miaka 5, zikiwajulia hali tu bila kudai chochote. Kundi la pili halikupata. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionesha kuwa waliopata barua walijiua kwa uchache zaidi, hasa katika miaka 2 ya mwanzo. Sisi tuliowahi kungoja barua ya ndege kutoka nyumbani hatuhitaji kuelezwa sana kwa nini.

Mtu aliyeyaunganisha haya na tiba ya tabia ni Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Jaribio lake la mwaka 1991 lilihusu wanawake waliokuwa wakijidhuru mara kwa mara, watu ambao wataalamu wengi waliwaogopa. Tiba yake ya mwaka mmoja ilikuwa na kikao cha mtu mmoja kila wiki, darasa la kikundi la kujifunza namna ya kuvumilia dhiki na kutawala hisia, mkutano wa wataalamu wenyewe ili wasielemewe, na simu kati ya vikao. Waliopata tiba hiyo walijidhuru kwa uchache zaidi, walikaa hospitalini siku chache zaidi, na wengi wao hawakuikimbia tiba. Mwaka 2011 Linehan alieleza hadharani kwamba katika ujana wake yeye mwenyewe alilazwa hospitali ya akili kwa kujidhuru.

Tuikazie macho hiyo simu. Mgonjwa aliruhusiwa kumpigia mtaalamu wake *kabla* ya kujidhuru, akumbushwe ujuzi aliofundishwa darasani. Akishajidhuru, hapati mazungumzo ya ziada na mtaalamu huyo kwa saa 24, ingawa maisha yakiwa hatarini msaada wa dharura haumsubiri mtu. Wako wanaoliona sharti hili kuwa la kikatili. Sisi tunaliona kuwa la busara, kwa sababu linaifanya simu kuwa malipo ya kuomba msaada, si malipo ya jeraha.

Kwa hiyo vipande vyote vilikuwepo kabla ya mwaka 2000: picha, sauti, barua, na tiba yenyewe. Hata hivyo, video ya nyumbani ilipowezekana, majaribio mengi yaliwaweka kando watu wenye hatari ya kujiua. Hoja ilikuwa ya haki: ukikata simu, nani atamshika? Tatizo ni kwamba kuwaweka kando hakukuwapa kiti kliniki. Mara nyingi kuliwaacha bila chochote. Machi 2020 milango ya kliniki ilipofungwa, hiari iliondoka. Programu za tiba ya Linehan zilihamia kwenye video kwa haraka, pamoja na wagonjwa walewale waliokuwa wakikataliwa.

Kilichowezesha hayo ni utaratibu wa kawaida mno. Kila kikao huanza na swali: uko wapi sasa hivi? Si mji tu, bali mtaa, namba ya nyumba, hata namba ya mlango. Kwa nini? Kwa sababu Marekani namba 911 humpeleka mpigaji kwenye kituo cha mahali alipo *yeye*. Mtaalamu aliye Seattle akiipiga ataipata Seattle, hata kama mgonjwa wake yuko Spokane. Basi hutakiwa awe na namba ya moja kwa moja ya kituo cha dharura cha kwa mgonjwa, namba ya simu ya mgonjwa endapo intaneti itakatika, na jina la ndugu au jirani aliyekubaliwa mapema. Pia huwepo mpango ulioandikwa na wote wawili: dalili za hatari ni zipi, nifanye nini, nimpigie nani.

Hapo mhandisi naye ana neno. Walio wa rika letu wanakumbuka kadi za simu za kukwangua, na sauti iliyopanda hadi setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 angani na kushuka tena. Robo ya sekunde ilipotea kwenda, robo nyingine kurudi, na mama kule nyumbani akadhani tumenuna. Katika tiba, ukimya ni dalili. Chombo cha kimataifa cha mawasiliano, ITU, kinashauri ucheleweshaji wa sauti usizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja. Ukizidi sana, watu huanza kuingiliana, na mtaalamu hajui kama mgonjwa anasita au ni waya unaosita. Jambo jingine ni faragha. Katika nyumba ya watu wanane, kijana atasemea wapi? Wengi walikwenda kukaa ndani ya gari lililoegeshwa, nalo gari halina namba ya nyumba, hivyo lile swali la mwanzo likazidi kuwa muhimu.

Kwetu sisi Waswahili liko fundo jingine. Kenya ilirithi kutoka kwa Waingereza kifungu kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Waingereza wenyewe walikifuta kwao mwaka 1961, lakini Kenya kilidumu hadi Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kinapingana na katiba. Mtu aliyelelewa chini ya sheria hiyo, akiulizwa na mgeni kwenye kioo kama amefikiria kujiua, kisha akaombwa anwani yake kamili, anaweza kudhani polisi wako njiani. Mtaalamu asiyeijua historia hii huona ukaidi tu.

Dawa ingekuwa mtaalamu azungumzaye Kiswahili, nao wapo Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, na intaneti inawafikia vizuri. Lakini Marekani leseni hufuata mahali alipo mgonjwa, jimbo kwa jimbo. Yako makubaliano ya majimbo yaliyoanza kazi mwaka 2020 yanayomruhusu mwanasaikolojia wa jimbo moja kumtibu mtu wa jimbo jingine mwanachama, hayavuki bahari. Kwa sasa njia iliyobaki ni mkalimani, anayeingia kama dirisha la tatu kwenye kioo. Inafaa kumwomba kabla ya kikao cha kwanza, asiwe shemeji wala mtoto wa nyumba, na mgonjwa ana haki ya kumkataa akigundua wanasali pamoja. Na usiku kliniki zikiwa zimefungwa, Marekani ipo 988, iliyoanza Julai 2022. Anayepiga anaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili kwa kutaja neno moja tu, *Swahili*.