Kura za Kigoma na Sauti ya Redio

Watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika wamepigishwa kura kwa namna nyingi. Uchaguzi wa 1958 na 1959 ulikuwa wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. TANU ilibishana kwa uchungu mjini Tabora, Januari 1958, ama iingie ama isusie, na Nyerere akawashawishi wenzake waingie. Kigoma wakati huo ilikuwa sehemu ya Jimbo la Magharibi, lililotawaliwa kutoka Tabora hiyohiyo. Lakini ili kuandikishwa, mtu alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichotambuliwa. Mvuvi wa dagaa wa Ujiji, aliyekesha ziwani na karabai yake, hakuhesabiwa.

Uhuru ulipokuja alihesabiwa. Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, wapiga kura waliletewa wagombea wawili wa ubunge, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, wote wa TANU. Mtu aliweza kuchaguliwa. Chama kilikwisha kuchaguliwa.

Vyama vingi vikarejeshwa mwaka 1992, na Februari 1994 jimbo la Kigoma Mjini likafanya uchaguzi mdogo. Dk. Aman Walid Kabourou wa CHADEMA alitangazwa kuwa ameshindwa na mgombea wa CCM. Akaenda mahakamani. Miongoni mwa malalamiko yake palikuwa na suala la barabara za mji, na zaidi ya hilo, namna Redio Tanzania ilivyotangaza kampeni. Redio hiyo ilikuwa mali ya umma, na katika miaka hiyo hapakuwa na sauti nyingine ya kushindana nayo kutoka Dar es Salaam hadi ziwani. Mahakama Kuu ilibatilisha uchaguzi. Serikali ikakata rufaa. Mahakama ya Rufani ikakubaliana na Mahakama Kuu. Hukumu hiyo imo katika ripoti za sheria za mwaka 1996.

Mimi si mwanasheria. Kazi yangu ni kupima maneno, na katika hukumu hii kuna jambo linalomgusa mfasiri. Sisi husema “huru na haki” kwa pumzi moja, kana kwamba ni neno moja. Mahakama iliyatenganisha maneno hayo. Ilisema kwamba chochote kinachoondoa uhuru wa uchaguzi, au kinachoondoa haki yake, kila kimoja peke yake chatosha kuubatilisha. Yaani, mpiga kura aweza kuingia kituoni bila kusukumwa na mtu, akatia karatasi yake sandukuni, ikahesabiwa sawasawa, na bado uchaguzi usiwe wa haki, kwa kuwa sikio lake lilikuwa limekwisha kutekwa na upande mmoja.

Katika uchaguzi mkuu wa 1995 Kabourou alishinda kiti hichohicho, akakikalia hadi 2005.

Kwa hiyo, tunapozungumzia kurekebisha mfumo wa uchaguzi wa taifa, tusisahau somo la Kigoma. Mwaka 2024 Bunge lilitunga sheria iliyoipa tume jina la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Jina ni jema. Lakini mgombea ubunge wa Kigoma aliweza kwenda mbele ya jaji, ilhali Ibara ya 41(7) ya Katiba yakataza mahakama yoyote kuchunguza kuchaguliwa kwa Rais aliyekwisha kutangazwa na tume. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Uchaguzi wa Oktoba 2025 ukafanyika ibara ikiwa palepale.

Kabourou alifariki mwaka 2018. Aliuacha mlango wa mahakama wazi kwa anayedai kiti cha ubunge. Anayedai kiti cha Rais bado yuko nje ya mlango huo, na uhuru ulio katika jina la tume haumfungulii.