Uzi: "Chagua mtandao wako", lakini nani anachagua?

1/ Kila kampeni tunaahidiwa intaneti kila kijiji. Wadau, kabla ya makofi turudi nyuma kidogo.

2/ Hadi 2009 Kenya ilitegemea setilaiti: ghali na polepole. Mwaka huo kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa. TEAMS ilikuwa ya serikali na kampuni pamoja.

3/ Serikali ikavuta faiba ya NOFBI hadi kaunti. Kutoka hapo mpaka mlangoni kwako, kampuni ndiyo inaamua, na kampuni inahesabu nyumba.

4/ Hapa Nyansiongo, mashamba ya walowezi yaligawanywa baada ya uhuru, vipande vikubwa. Nyumba ziko mbalimbali, katikati ni chai. Nguzo nyingi, wateja wachache. Nairobi mtu analinganisha pakeji za Safaricom, Zuku na Faiba. Huku wengi tuko kwa bando ya simu.

5/ Starlink ilikuja 2023. Haitaki nguzo, lakini mwanzoni ilibidi dishi ununue kwanza.

6/ Sasa mgombea akikutajia kilomita za faiba, muulize: ile ya mwisho hadi boma analipa nani? Na kampuni ngapi zitatumia nguzo hiyo moja? Ikiwa ni moja tu, hapo hakuna kuchagua.