Vita ya Wenye Mashamba



Safari hii tunaanzia Longido. Tarehe 3 Novemba 1914 Waingereza waliwashambulia Wajerumani pale mlimani wakashindwa. Baadaye Wajerumani waliondoka wenyewe, lakini vita ikakwama upande wetu hadi Machi 1916.

Pande zote mbili walikuwamo walowezi: huku wa Meru na Kilimanjaro, kule wapanda farasi wa Kenya ya leo. Kapteni Tom von Prince alikwisha kuacha jeshi na kulima Sakkarani, Usambara. Vita ilipoanza alivaa sare tena, akateka Taveta Agosti 15, akauawa Tanga siku moja baada ya Longido. Shamba lilibaki.

Ardhi waliyoigombania, wenyewe hawakuulizwa. Baada ya vita mashamba ya Wajerumani yalitwaliwa yakauzwa, mengi kwa walowezi wengine, Wagiriki wakiwamo. Mwaka 1951 Wameru wakafukuzwa Engare Nanyuki. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisimama Umoja wa Mataifa, New York, kudai ardhi ile. Nauli yake ilikuwa michango ya Wameru.